Nongo ya Mwanakombo

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana wajukuu wa watu hawa tunasalimiana nao sokoni, kijana Fumo alimpenda Mwanakombo. Mwanakombo alikuwa mweusi tii, mcheshi, na akiimba kwenye harusi za wenzake watu walitoka majumbani kumsikiliza.

Mamake Fumo, Bi Zena, akasema, "Adabu anayo, sikatai. Lakini sisi asili yetu Arabuni. Kwa weusi ule, wajukuu zangu watatoka vipi? Msugueni kwanza ang'ae, ndipo nimpokee."

Fumo akatazama viatu vyake. Hakusema neno.

Mwanakombo akasema, "Nisugueni. Ngozi ni nini, nikimpata Fumo?"

Basi akafungiwa ndani siku saba kama mwari yeyote, na kungwi wake, Bi Tatu, akamsinga kwa liwa, ule unga wa mti wa kunukia. Singo mnaijua: hutoa nongo, uchafu wa ngozi, mwilini, na nongo ya bibi harusi huzikwa uani siku anayotoka. Shimo lake likishachimbwa, halifukiwi tupu. Lakini Bi Tatu hakutosheka na liwa, alichukua jiwe. Akasugua, ikatoka nongo. Akasugua, ukatoka weusi wenyewe. Akasugua, na kilichotoka kikawa na joto. Kila siku alikikusanya kwenye sinia, akalisukuma uvunguni mwa kitanda, asithubutu kulitazama tena. Nani azike kitu chenye joto?

Mnacheka. Chekeni sasa hivi, bado mapema.

Siku ya saba Mwanakombo akatoka mweupe pe. Bi Zena akapiga vigelegele. Mama wa bibi harusi akamwita mwanawe, hakuitika. Bibi harusi akaonyeshwa Fumo, akauliza, "Huyu nani?"

Ndipo wimbo ukaanza uvunguni, kwa sauti ile ile ya Mwanakombo. Akatoka mwanamke mweusi tii, akajifunga kanga iliyokuwa kitandani, akasema, "Shikamoo, mama." Kisha akamwona Fumo, akalia. Mimi hapa kila nikifika huogopa, na sioni haya kusema.

Wakubwa wa mtaa wakakaa. Wakasema, "Mke ni mmoja. Mwingine ni nongo, na nongo huzikwa. Shimo tayari."

Mweupe akasema, "Mimi ndiye niliyezaliwa na mama huyu, kitovu ninacho. Jiwe lilinipitia mimi, na mpaka sasa nawaka. Mnizike kwa kuumia?"

Mweusi akasema, "Mimi ndiye niliyempenda Fumo. Huyu hata jina la Fumo halijui. Kila anachokumbuka Mwanakombo ninacho mimi. Mnaniitaje nongo?"

Mama yao akawashika mikono wote wawili, akakataa kuachia.

Bi Zena akasema, "Mimi nilisema tu. Jiwe sikulishika."

Bi Tatu akasema, "Mimi nililishika, lakini nilitumwa."

Fumo akasema, "Mimi sikusema neno."

"Hukusema," wakaitikia wale wawili kwa pamoja, na watu wakashindwa kujua nani ni nani kwa sauti.

Shimo liko wazi uani, jua linashuka, na desturi haikubali lifukiwe tupu. Haya, mlioketi hapa, nanyi mnaotazama mikono yenu: je, nani alistahili kushuka shimoni?