Randa Iliyofungwa kwa Kanga

Hapo zamani, lakini si zamani ya mbali, ni zamani ambayo mbao zake bado zinanukia, aliishi Tabora Mzee Mihayo, mtu wa posta. Miaka thelathini alilinda vifurushi vya watu na hakufungua hata kimoja. Alipostaafu akahamisha kuku, akaligeuza banda lao kuwa karakana, akaanza kuchonga. Fundi si fundi, jamani, ni mapenzi tu. Alikuwa na msumeno na kisu cha mkate, na vigoda vyake vyote vilicheza, ukikaa kama umepanda punda.

Basi binti yake Nyamizi akajifungua, akarudi kwao kulelewa. Mchana mmoja akasinzia ananyonyesha, na alipozinduka, mkono wake ulikuwa umemlalia mtoto puani. Mtoto akapiga chafya, mzima, hana hata alama. Lakini tangu hapo Nyamizi hakulala tena ubavu. Akilala, ni kwa kukaa, mgongo ukutani, macho nusu.

"Baba," akasema, "mtengenezee kitanda chake, kidogo tu, chenye kingo. Mimi naogopa mwili wangu mwenyewe."

Mzee Mihayo akasema mbele ya wote, "Mbao za mninga ninazo. Vifaa sina. Atakayeniwezesha kukimaliza kabla ya arobaini, huyo ndiye atakayemtoa mtoto nje."

Mnauona uzito wake? Kwao, siku ya arobaini mtoto huvushwa kizingiti mikononi mwa mtu mmoja tu, na wanasema moyo wa mtu huyo ndio mtoto atakaokua nao. Wa mwoga, mwoga. Wa mchoyo, mchoyo. Halirudiwi.

Wa kwanza akaja Kapera, baba wa mtoto. Huyu hakununua tu. Alizunguka kwa mafundi watatu akiuliza randa gani ya kulainishia mbao humfaa mtu anayechonga nyumbani kwake. Wakamwambia, kapime kiganja chake kwanza. Sasa mkwe wako utampimaje kiganja? Akaenda kumsalimia kwa mikono miwili, akaushika mkono, akaung'ang'ania, mpaka mzee akauliza, "Mkwe, huo mkono utanirudishia?" Akaleta randa mpya, mpini umekaa kiganjani kama umezaliwa hapo. Mzee akaitazama, akaipaka mafuta, akaifunga kwa kanga, akaitundika ukutani.

Wa pili akaja Shangazi Kalunde, dada yake mzee, mjane wa seremala. Akaleta patasi ya marehemu, mpini mweusi kwa jasho lake. "Kaka, hii nalalaga nayo chini ya mto," akasema. "Sasa imlaze mjukuu." Mzee akaitazama, akaipaka mafuta, akaifunga kwa kanga, akaitundika ukutani.

Siku ya ishirini ikapita. Siku ya thelathini ikapita. Mbao zimelala, vifaa vinaning'inia, asiyelala ni Nyamizi.

"Baba, vipi?"

"Randa ikiingia mkwaruzo, mkwe atasema sikuithamini. Patasi nikiishika, jasho la marehemu litafutika. Nasubiri kidogo."

"Unasubiri nini, baba?"

Hakujua. Mtu wa posta!

Wa tatu ni Mwashi, mdogo wake Kapera, wifi aliyekuja kupika uji na kufua nepi. Huyu alikuja mikono mitupu. Siku ya thelathini na tano mzee kaenda msibani, Mwashi akaingia bandani, akafungua kanga zote mbili. Na hajawahi kushika randa maishani! Akaisukuma ubaoni, ikakuta msumari, kraa! Makali yakaingia pengo. Akatemea viganja, akakamata patasi, akachimba tundu la mguu wa kitanda, tundu likaenda upande kama mdomo wa mlevi.

Mzee akarudi, akasimama mlangoni. Mwashi akapiga magoti palepale kwenye maranda.

"Baba, nimeharibu. Nichape. Lakini wifi yangu halali."

Mzee akaiinua randa, akapitisha kidole kwenye pengo. Akacheka, kicheko cha mtu aliyevua kiatu kinachobana.

"Ilikuwa mgeni wangu hii," akasema. "Sasa ni randa."

Akavua koti la msibani, akaanza. Siku nne mfululizo. Lile pengo likaacha mstari mwembamba kwenye kila ubao, umeinuka kidogo kama mshono, naye akauacha. Siku ya thelathini na tisa kitanda kikasimama, hakichezi! Mtoto akalazwa, na Nyamizi, ee Mola, Nyamizi akalala ubavu toka adhuhuri mpaka jioni, anakoroma, kidole chake kimegusa ule mstari.

Arobaini ikafika. Pilau inanukia, watu wamejaa uani, na mlangoni imenyooshwa mikono jozi tatu.

Kapera akasema, "Kila ubao umepita kwenye randa yangu. Bila mimi mngelala na magogo."

Shangazi akasema, "Wewe ulitoa kitu cha dukani, mwanangu, duka bado linavyo. Mimi nilitoa ambacho hakipo tena, na jasho la marehemu limefutwa kweli. Nani amepoteza kama mimi?"

Mwashi akasema, "Mimi sikuleta kitu, tena niliharibu. Lakini zawadi zenu zilikuwa nzuri mpaka zikamfunga mikono. Nani alimfungua?"

"Kwa kuharibu mali ya watu!" Kapera akafoka. "Mwanangu akue na moyo huo?"

"Akue na moyo wa kutothubutu, basi!" Mwashi akajibu.

Mzee Mihayo akajikuna kichwa. "Ahadi ni yangu, lakini usingizi ulikuwa wa Nyamizi. Aamue yeye."

Nyamizi akasimama na mtoto kifuani, kizingiti mbele yake, amelala vya kutosha kwa mara ya kwanza. Akawatazama watatu wale.

Haya, na nyie mtazameni. Mtoto anavushwa mara moja tu. Je, nani alistahili kupewa?