Uso wa Ukutani

"Mzoea uso wa ukutani, wa nyumbani humpotea." Mlimsikia shangazi yenu akiisema methali hiyo jana, mkacheka. Haichekeshi hata kidogo. Mkitaka kujua ilikotoka, kaeni, na wewe Osmundi weka simu hiyo chini.

Huko Mahenge alikuwapo binti mmoja, Leokadia, aliyejifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta. Alikuwa na haja moja tu. Mama yake, Kandida, aliumwa kifua, na maishani mwake hakuwahi kupigwa picha. Binti alitaka kumchora kabla hajafa.

Lakini mwalimu wake, Otmari, alikuwa na sharti. Karakanani mwake ilitundikwa picha mashuhuri ya kale, ya bibi mmoja wa Ulaya mwenye kola nyeupe. Kila mwanafunzi aliinakili mpaka nakala yake ifanane nayo kabisa, na kabla ya hapo ilikuwa mwiko kumchora mtu aliye hai. Tena mwalimu aliitundika kichwa chini.

"Ukimwona mtu pichani, mkono utakudanganya," alisema. "Tazama kivuli na mwanga tu."

Leokadia akanakili, akafuta kwa kitambaa chenye tapentaini, dawa ya kuyeyushia rangi, akaanza upya. Rangi za mafuta hukauka polepole, hazijali nani ana mgonjwa nyumbani. Masika yakaja, yakapita, Kandida akazidi kukonda. Binti alirudi amechoka, akampa mama uji, akaenda kulala bila kumtazama usoni. Inaniuma kulisema hili, maana alimpenda kweli.

Hatimaye mwalimu akaikubali nakala. "Sasa nenda kamchore mamako."

Alikwenda mbio. Akamketisha mama kitini, akamwegemeza kwa mto, na mama mwenyewe akaomba kitambaa chake cha kichwa cha sikukuu. Leokadia akachora, mkono ukienda bila kusita, kisha akaigeuza turubai aliyochoria ili mama aone.

Mama akaitazama kwa muda. "Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Kitambaa ni changu. Huyo aliyekivaa simjui."

Leokadia akaangalia vizuri. Zilikuwa nyusi za bibi wa Ulaya, midomo yake, kidevu chake. Akafuta, akachora tena. Bibi yule akarudi. Akafuta, machozi yakimtoka, akaanza tena.

"Weka brashi chini, mwanangu," mama akasema. "Nitazame tu. Mimi nipo hapa."

"Ngoja kidogo, mama, nirekebishe jicho hili."

Akainamia turubai. Alipoinua macho, mama alikuwa ameangukia upande mmoja wa mto. Akamwita, akamtikisa. Kandida hakuitika tena.

Msibani watu walitaka picha ya kuweka juu ya jeneza. Ilikuwapo ile tu, ya bibi mgeni aliyevaa kitambaa cha marehemu, ikabidi ifichwe. Mjukuu mmoja, ambaye hakuwahi kumwona bibi yake, akamwuliza Leokadia, "Mama mdogo, bibi alikuwa na sura gani?"

Leokadia akafumba macho, akamtafuta mama yake. Akatafuta sana. Aliyemjia alikuwa na kola nyeupe.

Ndipo akasema, huku wote wakimsikia: "Mzoea uso wa ukutani, wa nyumbani humpotea."