Mapazia ya Mteja

Mama anayejifungua hana budi kujifunua mbele ya mkunga. Akishikilia haya, mtoto hatoki. Ndipo wazee wetu wakasema mficha uchi hazai. Mwenye shida akiifunika kwa aibu, hata anayetaka kumsaidia hajui aanzie wapi. Kulikuwa na wanawake watatu wa nyumba moja walioijua methali hii kwa ulimi tu, mpaka ilipowabishia hodi.

Wa kwanza aliitwa Dada na kila mtu, hata na dobi aliyemwajiri, ingawa dobi huyo alimzidi umri mara mbili. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Baba yao alipofariki, alitolewa shule akiwa darasa la tano, na tangu siku hiyo alisimama nyuma ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, akipuliza makaa, akinyunyiza maji, akikunja shati baada ya shati. Ilipofika jioni miguu yake ilikuwa imevimba kama unga uliotiwa hamira. Alikuwa msichana wa haya. Mteja akimsalimu, aliitikia huku akiitazama kola.

Wa pili alikuwa mdogo wake, aliyepachikwa jina la Spana kwa sababu alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi, akisomea kutengeneza majokofu. Wa tatu alikuwa mama yao, fundi cherehani wa zamani. Macho yalipomsaliti, cherehani iliuzwa, kisha viti, kisha kabati. Chumbani kikabaki kitanda kimoja, mkeka na ndoo mbili, moja ya maji na nyingine iliyopinduliwa, ambayo ndiyo ilikuwa kiti cha Mama. Kila kitu kiliuzwa isipokuwa fahari yake.

Ada ya chuo ililipwa na serikali. Kazi ilikuwa kufika huko na kushinda huko. Spana alitembea saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Mchana, wenzake wakila, yeye alikunywa maji ya bomba na kujifanya anadurusu. Siku moja alisinzia juu ya kompresa ya jokofu, mwalimu akamtoa nje. Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa dobi.

"Dada, bosi wako bado anatafuta mtu wa kufua?"

"Anatafuta. Nani anataka?"

"Mimi. Nimechoka, Dada. Tumbo halijui cheti."

Dada aliiweka pasi juu ya kigae. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini hakuzoea kusema mengi. Akainyoosha mikono yake yenye makovu ya moto. "Unaiona hii? Nyumba yetu inatosha kuwa na jozi moja ya mikono kama hii."

Spana akachomoa karatasi kwenye daftari. Kulikuwa na ruzuku kwa wanachuo ambao kwao maji yamezidi unga: nauli, chakula cha mchana na vifaa, ili wasiache masomo. Lakini sharti afisa aje nyumbani ajionee. "Nikiikosa hii," alisema, "muhula ujao nitakuwa kwenye karai hapa na wewe."

Mama aliposikia habari ya afisa, aliruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Mgeni wa ofisi aje anikute juu ya ndoo? Thubutu!"

"Lakini Mama, anakuja kuona shida," Spana alisema.

"Shida ataisikia. Kuiona si lazima."

Basi wakaanza kuazima. Jirani mshona viatu alileta viti viwili, akacheka: "Mama, nguo ya kuazima haisitiri maungo."

"Wewe shusha viti. Maneno rudi nayo."

Fundi redio alileta televisheni. "Msiiwashe tu," alionya, "hiyo haina roho."

Ndipo Dada, ambaye hakuna aliyemwomba lolote, akafanya lake. Dirisha lao lilizibwa kwa gunia, naye aliona haya kupita kiasi. Kwenye rafu ya dobi kulikuwa na mapazia ya maua na shuka la kutandikia, vya mteja aliyekuwa avichukue kesho yake. Alivipiga pasi mara mbili, akavibeba kwenda nyumbani.

Afisa aliyefika jioni hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, jalada kwapani, viatu vimelika visigino. Aliketi kwenye kiti cha mshona viatu, akaangalia huku na huku.

"Mapazia mazuri haya."

"Mabinti zangu wanapenda usafi," Mama alijibu.

"Mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Tunamshukuru Mungu. Hatujapungukiwa."

Spana aliuma mdomo. Dada alitazama sakafu. Kalamu ya afisa ikaandika kama ilivyosikia.

Baada ya wiki mbili barua ilifika: familia ina uwezo wa kumhudumia mwanafunzi. Spana aliisoma mara mbili, kisha akaikunja ovaroli yake ya chuo na kumkabidhi dada yake. "Ipige pasi, tuiuze ingali na sura." Mama akageukia ukutani.

Ovaroli Dada aliipiga pasi kweli, lakini hakuipeleka sokoni. Chini kabisa ya barua kulikuwa na mstari mdogo: asiyeridhika afike ofisini kabla ya Ijumaa. Alhamisi aliomba ruhusa. Dobi alimpa, akamkata ujira wa siku.

Ofisini alikaa kwenye benchi hadi saa sita. Zamu yake ilipofika, aliweka mikono juu ya meza. Jikaze kisabuni, alijiambia.

"Yale mapazia..."

"Mapazia gani?" aliuliza afisa.

"Uliyoyasifu. Ni ya mteja wa dobi. Mimi ndiye niliyeyachukua. Viti ni vya mshona viatu. Televisheni haiwaki."

Afisa aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo mlinidanganya. Leo nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini, mama. Twende sasa hivi, kabla sijamwambia mtu nyumbani."

"Binti, miaka kumi na mitano watu wananificha walivyo navyo. Wa kunificha wasivyo navyo ni nyinyi wa kwanza." Hakucheka. Alikuwa na nyumba nyingine tisa za kwenda siku hiyo. Aliitazama mikono ya Dada iliyokuwa juu ya meza, akavuta pumzi, akachukua jalada.

Walimkuta Mama juu ya ndoo yake, akichovya kipande cha mkate mkavu kwenye chai ya rangi. Aliposikia viatu vya mgeni, alikifunika kikombe kwa kiganja.

"Mama," afisa alisema taratibu, "mkuu wa nyumba ni wewe. Nikiandika upya, nitaandika ya kinywa chako. Binti yako amesema kweli?"

Dirisha lilikuwa limerudishiwa gunia lake. Dada aliona mishipa ya mkono wa mama yake ikisimama juu ya kile kikombe, akajua kwamba neno moja la fahari lingetosha kumpeleka Spana kwenye karai. Kisha kiganja kikainuka.

"Amesema kweli. Tena amepunguza. Mkate huu ni wa tangu jana, na ndio chakula cha leo." Mama akainuka kwa kupapasa ukuta. "Kalia ndoo, mwanangu. Mimi nimeikalia vya kutosha."

Afisa aliikalia, akaandika.

Ruzuku haikuwa mali. Wiki zilizopotea hazikulipwa, na Dada hakuiacha pasi. Miguu bado ilivimba. Lakini Spana alivaa tena ovaroli yake, akapanda gari asubuhi, akala mchana kama wenzake. Siku mapazia ya maua yaliporudi kufuliwa, dobi, ambaye Dada alikuwa amekwisha kumwambia yote, alimtania: "Leo hayaendi kutembea?"

"Yamechoka," alijibu Dada akitia makaa kwenye pasi. "Kama mimi."

Na nyumbani, mgeni akibisha hodi, Mama humwambia, "Karibu, vuta ndoo," wala hafuniki kitu. Amekwisha kujua, kwa gharama yake na ya wanawe, kwamba mficha uchi hazai.