Bi Mwanatumu Atoka Ndani ya Eda

Hapo zamani, miji ilipokuwa ya makuti na moto ukiogopwa kuliko jeshi, palikuwa na wakili akiitwa Mbwarahaji. Ulimi wake, jamani! Angekutetea hata kwa kosa ulilolitenda mbele ya macho yake.

Bi Mwanatumu alipofiwa na mumewe, shemeji yake Mwijaa akaitaka nyumba. Wakili akamtetea mjane barazani. Mwijaa akaona anashindwa, akasema, "Basi, akae. Lakini akivuka kizingiti kabla ya eda kwisha, nyumba yangu."

"Tumekubali," akajibu wakili, wala hakumuuliza mjane. Alikuwa na haraka ya kushinda, maana mji ulikuwa unatafuta meya. Akashinda, wakampa umeya.

Eda haijaisha, moto ukazuka sokoni. Upepo ukausukuma paa kwa paa. Watu wakapiga mayowe: iezuliwe nyumba moja, moto ukose pa kurukia! Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Mwanatumu. Nyuma yake ilikuwa nyumba ya meya, na nyuma ya meya mji mzima.

"Toka, Bi Mwanatumu!" meya akaamuru.

"Nikitoka naikosa, baba. Si wewe uliyekubali?"

"Toka! Niliyekusimamia jana nitakusimamia kesho."

Cheche zilikwishaanza kumwangukia. Akatoka, shuka lake la eda likinuka moshi. Paa likashushwa, kuta zikabomolewa. Moto ukafika pale, ukafa.

Majivu hayajapoa, Mwijaa huyo. "Amevuka kizingiti. Kiwanja changu."

Mjane akamgeukia meya. "Nisimamie."

Meya akainamisha kichwa. "Leo mimi ni meya, na meya ni mwamuzi. Mwamuzi hamsimamii mtu."

Wallahi, hapo ndipo ninapomchukia!

"Kama ni hivyo, nipe nyumba yako," akasema mjane. "Imesimama kwa kuwa yangu imelala."

Mwijaa akasema, "Mimi sikuwasha moto. Ahadi ni deni, na mlikubali wenyewe."

Meya akasema, "Nimeokoa mji. Mkininyang'anya nyumba kwa hilo, moto ujao nani atathubutu kutoa amri? Atanyamaza, mtateketea."

Watu wakagawanyika, wakapigiana kelele. Bi Mwanatumu akabaki amesimama njiani, mbele za wanaume, mahali ambapo mjane aliye ndani ya eda hatakiwi kuonekana.

Haya, msinitazame mimi. Semeni nyinyi mnaolala penye paa: je, kiwanja kile alikistahili nani, na Bi Mwanatumu akamalizie eda yake nyumbani kwa nani?