Utafiti wa Chui Kule Majabalini

Hadithi ipo mlangoni.
– Ifungulie iingie.
Imefuatana na mkubwa mmoja.
– Mkubwa abaki nje.

Haya, abaki nje. Hapo kale palikuwa na Chui, mlafi wa kupindukia. Kule majabalini alikuwa akikamata pimbi mmoja mmoja, kitoweo cha kushikia meno tu. Basi akaenda kusoma, huko anakokujua mwenyewe, akarudi na miwani. Akasema sasa hawindi, kuwinda ni ushamba, yeye anafanya utafiti. Na alichotaka kujua kilikuwa kimoja: vitoto vya pimbi vinalala wapi, avile vyote kwa mpigo.

Majuzi tu Pimbi alikuwa amejifungua. Vitoto vyake alivilaza juu ya jabali, ng'ambo ya ufa mrefu kwenda chini. Aliposikia miguu ya Chui, pu, pu, pu, akaviacha pale, akazunguka kurudi mapangoni kwa wenzake.

Chui akapita pango kwa pango na maswali yake. Habari za hapa? Salama, mkubwa. Watoto wanakula? Salama, mkubwa. Wanalala wapi? Wanalala salama, mkubwa.

Ndivyo pimbi walivyofundwa. Mkubwa akikuuliza, hata nyumba ikiwa inaungua, unasema salama, naye aende zake. Chui na usomi wake wote hilo hakulijua. Akazibeba salama zake mpaka kwake, akazichambua kama mchicha, fungu la akina mama huku, fungu la wazee kule. Matokeo yakatoka: salama, asilimia mia. Akalala na njaa yake, msomi.

Akarudi amenuna. Safari hii akamshika wifi yake Pimbi, akamsifia kwamba katika pimbi wote yeye ndiye sampuli bora. Wifi mtu, ambaye mdomo wake haukai chakula wala siri, akanyoosha shingo. Kila ukoo unaye wa hivyo. Simtaji mtu, anajijua. Alikwisha kufungua kinywa, Pimbi akamfinya paja, nyii, akajitia kati.

"Mkubwa, kosa si letu. Mbinu yako ndiyo mbovu."

Chui akavua miwani. "Mbinu yangu mimi? Unajua nimesomea wapi, wewe?"

"Sijui, baba. Najua pimbi hatuna mikia. Tukiona mkia tunajua huyo ni mkubwa, tunamjibu salama. Mtafiti wa kweli si anakuwa kama wale anaowachunguza?"

Chui akawaza. Kumbe somo hilo lilifundishwa, siku hiyo yeye alisinzia. "Na nikiwa sina mkia, utanijibu kweli?"

"Nikikudanganya, unile mimi kwanza."

Basi mlafi akalaza mkia wake juu ya mwamba. Wifi, aliyekuwa bado na hasira za kufinywa, akanyanyua jiwe lenye makali. Chwaa. Chui akalia, ila akalia kisomi: akasema utafiti una gharama zake.

"Haya. Vinalala wapi?"

"Pale, ng'ambo ya ufa," Pimbi akamwonyesha kwa mdomo. "Ruka tu."

Wifi akashika kichwa, maana vilikuwa pale kweli, vinaonekana vinanyonyana masikio. Pimbi kauli hakuirudisha. Chui akarudi nyuma, akajikunja, akaruka. Sasa, chui hewani anashikwa na mkia wake, ndio usukani. Huyu hana. Akapinda huku, akapinda kule, biringi, biringi, biringi. Miwani ikatangulia, mwenyewe akafuata. Pu.

Pimbi akazunguka kwa njia yake ya nyuma, akaenda kunyonyesha.

Ngano yangu imekaukia hapo. Iliyokukolea imeze, iliyokukwama itemee shambani kwa jirani. Na funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: uongo ni dhambi. Wasomi wakija kuwauliza mambo ya nyumbani kwenu, waambieni ukweli mtupu. Wakateni mkia kwanza, halafu waambieni ukweli.