Pimbi na Matanga Yasiyoanuliwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mwamba, na chini ya mwamba pakawa pimbi. We wa nyuma, acha kutafuna, ngano hii si ya kutafunia.

Hapo zamani za kale ardhi ilitetemeka, mawe yakaporomoka, pimbi wengi wakafa. Waliobaki wakalia, wakalia, siku ya tatu wakaanua matanga. Mkuu wao akasema, "Msiba umefungwa. Asiutaje mtu tena, tusitoneshane vidonda." Wakanyamaza. Kosa lao lilianzia hapo.

Wazee wakafa, vijana wakazaa. Ndipo Nyamizi, pimbi mjane, akahamia pangoni chini ya jiwe lililoning'inia, yeye na mwanawe wa pekee, Sayi. Pana kivuli, pana upepo. Angejuaje?

Kobe alijua. Kobe huishi sana, na siku ile alikuwapo. Akaja, akasema, "Mwanangu Nyamizi, hama hapa. Jiwe hili..."

Pimbi wakamkatiza. "Babu, matanga yalishaanuliwa. Usituletee uchuro."

Kesho yake akaja tena. "Mwanangu, hama. Ardhi ya hapa..."

"Babu, tumekwambia, uchuro huo hatuutaki."

Siku ya tatu Kobe akapita, akamkuta Sayi anacheza mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Kobe akaona haya kufukuzwa tena. Akaenda zake.

Jua halijafika utosini, ardhi ikatetemeka. Nyamizi alikuwa malishoni. Alirudi mbio, akakuta pango halipo, na Sayi yuko chini ya jiwe.

Kobe akaja. Nyamizi akamuuliza, "Babu, ulijua?"

"Nilijua, mwanangu. Mawe yalishaanguka hapa, wakafa wengi."

"Mbona leo ulinyamaza?"

Kobe akaingiza kichwa gambani, akalia humo humo.

Siku ya tatu mkuu wa pimbi akasimama aanue matanga. Nyamizi akasema, "Mimi sianui. Mwanangu atatajwa. Kila mtoto ataletwa hapa, ataonyeshwa jiwe hili, ataambiwa ardhi yetu hutetemeka na wapi pasilalwe." Hakuna aliyembishia.

Ndiyo maana hadi leo asubuhi pimbi hukaa juu ya mwamba, peupe. Ukiwasikia wanalia, wanamtaja Sayi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha msiba je? Huzika wajukuu. Basi kawaulizeni wazee wenu ardhi ya kwetu ilitetemeka lini, na nini kilianguka.

Ngano yangu naitua hapa. Kama imekuliza, tumelia sote. Ukiisahau, hilo ni lako.