Waya Mnene wa Mzee Kiboko

Paukwa!

*Pakawa!*

Palikuwa na waya!

*Waya wa nini?*

Wa kupitishia sauti, toka upande huu hadi upande ule.

*Ipite, masikio yako wazi!*

Haya, ikipita msiikatize. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna taratibu. Leo hadithi yenyewe ina kelele za kutosha.

Zamani, lakini siyo zamani sana, maana spika zilikuwa zimeshafika porini, alikuwako Panya mmoja fundi wa waya. Alikaa chini ya kichuguu, na kutwa alikuwa humo, meno yanamenya, mikono inasuka. Mnashangaa nini? Nani anakijua kilichomo ndani ya waya kuliko Panya? Ndugu zake walikata nyaya za watu wakakimbia. Huyu alikaa akajifunza kuzitengeneza.

Waya wa spika aliufanya mnene, shaba tele ndani, kwa sababu spika inakula umeme. Waya wa gitaa aliufanya mwembamba. Katikati shaba, juu yake ngozi laini, juu ya ngozi wavu wa shaba uliosukwa ukazunguka pande zote, kisha mpira wa nje. Ukimuuliza wavu wa nini, anakujibu, "Sauti ya gitaa inatoka ndogo, changa. Usipoivika wavu, kila kelele ya dunia inaingia humo humo na kuimeza."

Sasa mwenye spika porini alikuwa mmoja tu, Mzee Kiboko. Spika kubwa kama maghala! Harusi ni Kiboko, tohara ni Kiboko, mkutano ni Kiboko. Na Mzee Kiboko, jamani, akiona kinene hasikii wala haoni.

Siku ya kwanza akaja kwa Panya. Tindi! Tindi! Tindi! Udongo wa kichuguu ukapukutika.

"Panya!"

"Naam, mzee."

"Upi mnene kuliko wote?"

"Huu hapa, mzee, ila ni wa..."

"Ni wangu!"

Akabeba, akaenda zake. Ngomani watu wakamwambia, "Mzee, waya gani huu!" Kiboko akavimba, akasema, "Nimeusuka mwenyewe."

Siku ya pili akaja. Tindi! Tindi! Tindi! "Upi mnene kuliko wote?" "Huu hapa, mzee, ila ni wa..." "Ni wangu!" Akabeba. Watu wakasifu. "Nimeusuka mwenyewe."

Siku ya tatu hivyo hivyo, na safari hii Panya alikuwa amesimama pale pale ngomani, hatua mbili nyuma ya mkia wa mzee. Akasikia kwa masikio yake mawili. Nimeusuka mwenyewe! Vidole vya nani vimechubuka? Macho ya nani yamewashwa na moshi wa lehemu, ile risasi ya kuungia shaba na jeki? Panya akarudi nyumbani. Akasema peke yake, "Mzee, unapenda kinene. Nitakupa kinene."

Akaingia kazini. Akatafuta bomba la mpira, pana kuliko kiwiko cha nyani. Ndani akapitisha unywele mmoja wa shaba. Mmoja tu! Wavu hakuna. Pengo lote akalijaza sufi, ile ya mito ya kulalia, akashindilia shi-shi-shi mpaka bomba likatuna. Mwishoni akafunga jeki mbili, vile vichwa vya chuma vya kuchomeka, akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa kama dhahabu. Akautundika ukutani. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Na pembeni ya waya ule ulining'inia mwingine, mwembamba, mweusi, usiotazamika mara mbili. Ule ulikuwa wa Mama Madoa.

Mama Madoa ni Kanga, mjane. Mumewe alikuwa mpiga gitaa, na kabla hajafa alimtungia binti yao wimbo. Alimwambia mkewe, "Siku Madoa atakapoolewa, akitoka mlangoni kwenda kwenye kigoda, apigiwe huu. Mimi sitakuwepo." Mnajua desturi. Mwali anatoka mlangoni mara moja. Akishaketi kwenye kigoda harudishwi, ni nuksi. Kwa hiyo wimbo ule ulikuwa na nafasi moja tu, toka kizingiti hadi kigoda, hatua ishirini hivi za kanga. Mama Madoa alijifunza gitaa ukubwani, makucha yakapasuka, yakaota, yakapasuka tena. Alipoweza, akaja kwa Panya akasema, "Mwanangu, nisukie waya usionitia aibu." Panya akamsukia, tena kwa moyo wote.

Siku ya harusi ikafika. Asubuhi, tindi! tindi! tindi!

"Panya! Upi mnene... Lahaula!" Kiboko akauona. Macho yakamtoka.

"Huo ni wa gitaa, mzee," Panya akasema, sauti ya upole kabisa.

"Ni wangu! Leo Mama Madoa atapigia huu. Kwenye mitambo yangu hauchomekwi waya mwembamba kama utumbo wa kuku."

Panya akafungua mdomo. Alitaka kusema, "Mzee, kwa Mama Madoa usiutumie." Neno lilishafika ulimini, nawaambia. Halafu akamwona Kiboko anavyojitazama kwenye ile jeki, anajichekea meno. Akaufunga mdomo.

Akajiambia, mbona hakuna ubaya? Kila harusi mitambo inajaribiwa kwanza, moja, mbili, moja, mbili. Kiboko ataaibika kwenye kujaribu, wageni watacheka, na hapo mimi nitatokea na waya mzuri. Mama Madoa atapiga, kila mtu atajua fundi ni nani. Akautupia ule mwembamba begani, akaenda harusini anapiga mluzi.

Alasiri uwanja ukajaa. Pundamilia, ngiri, swala, wa upande wa mume na wa upande wa mke. Mama Madoa amekaa na gitaa kifuani, amejipaka mafuta mpaka manyoya yanameta. Somo wa bibi harusi akauliza, "Mzee Kiboko, hujaribu mitambo?"

Kiboko akacheka, ho! ho! ho! "Waya kama huu unajaribiwa? Nimeusuka mwenyewe! Mtoeni mwali!"

Panya akayasikia hayo. Akanyanyuka. Akataka kupita, mbele yake miguu ya pundamilia, msitu mzima. "Samahani, nipisheni, samahani." Hakuna aliyemsikia.

Mlango ukafunguliwa. Madoa akatoka, kichwa kimeinamishwa, mguu mmoja juu ya kizingiti. Mama yake akavuta pumzi, akagusa uzi wa kwanza.

NGWIIIIIIIII!

Mmmmmmmmm! Krrrr! Krrrr! Ndani ya spika ikaingia redio ya mbali, bwana mmoja anasoma bei ya mahindi. NGWIIIII! Gitaa lenyewe liko wapi? Halisikiki hata kidogo. Mama Madoa anapiga, unaona makucha yanakwenda, anapiga, na kinachotoka ni bei ya mahindi.

Watu wakaangua kicheko. Hata Panya, Mungu amsamehe, alicheka kidogo, hi! Kikamtoka kabla hajakizuia. Kisha akamtazama mwali.

Madoa alikuwa amesimama katikati ya njia. Alidhani anachekwa yeye. Akajitazama nguo, akajitazama miguu. Halafu akainamisha kichwa zaidi, akakimbia. Hatua zile ishirini akazimaliza kwa tano, akaketi kwenye kigoda pu! akajifunika uso.

Ikawa basi. Ameshaketi.

Panya aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Angekuwa na shimo hapo angeingia asitoke mwaka mzima. Na bado, jamani, bado. Maana huko mbele watu wanapiga kelele, "Mzee, huo nao umeusuka mwenyewe?" Na Kiboko, jasho linamchuruzika, akanyoosha kidole kwa Mama Madoa. "Waya ni mzima! Gitaa ndilo bovu! Gitaa la marehemu limeoza, na mpigaji mwenyewe hajui!"

Mama Madoa akalitazama gitaa la mumewe, akalifuta kwa ubawa kama aliyeambiwa lina uchafu.

Hapo Panya hakungoja. Akapenya chini ya matumbo ya watu, kwaru-kwaru-kwaru, mpaka miguuni pa Kiboko. Angeweza kusema kweli mbele ya wote. Aliogopa. Kiboko angemkanyaga, na wageni wangejua. Basi akafanya alichozoea, hila. Akaukumbatia ule waya mwembamba, akapita mbele ya mzee akinyatia, kama mtu anayeficha kitu.

"We Panya! Umebeba nini?"

"Hapana kitu, mzee. Usiutazame. Nampelekea Tembo. Kasema, yeyote auone, ila Kiboko asiuone."

"Asiuone kwa nini?"

"Kasema kuna unene unaokaa ndani, na Kiboko hawezi kuujua. Nipishe, mzee, nakusihi, nitagombezwa..."

"Ni wangu!"

Kiboko akaunyakua, akang'oa ule mnene akautupa huko, akachomeka mwembamba. Tk! Kelele zikakatika. Mahindi yakaondoka. Uwanja ukawa kimya, mpaka ukasikia nzi.

Mama Madoa akagusa uzi. Ting.

Sauti ikatoka safi, ndogo, kila uzi peke yake. Wimbo wa baba ukapita juu ya vichwa vya wageni hadi kwenye kigoda. Madoa akafunua uso. Wa upande wa mke wakalia, na wa upande wa mume nao wakalia, kwa kuwaiga. Ulipokwisha, uwanja ukalipuka. "Kiboko! Kiboko! Fundi! Fundi!"

Kiboko akavimba. "Nimeusuka mwenyewe!"

Na Panya? Panya alikuwa chini ya meza ya mitambo, hatua mbili kutoka kwenye mkia wa mzee. Angesema nini? Akidai huu, atadaiwa na ule.

Pilau likapakuliwa. Mama Madoa akaja na sahani, juu yake mnofu mkubwa, akainama chini ya meza.

"Fundi, mbona umejificha huku? Shika, kula."

"Ahsante, mama. Sina njaa."

Akaketi kando yake. Chini ya ubawa alikuwa na nyaya mbili, ule mwembamba na ule mnene, jeki zimefunguliwa, sufi inachungulia.

"Marehemu alinifundisha," akasema, "usiuamini waya mpaka ufungue jeki utazame lehemu. Nimeufungua huu. Safi, inang'aa, tone dogo. Nimeufungua na ule. Safi, inang'aa, tone dogo. Mkono ni mmoja, mwanangu. Ulitaka kuuharibu waya wote, lehemu ukashindwa kuiharibu."

Panya akatazama chini.

"Nilimkusudia Kiboko, mama. Wallahi, nilimkusudia Kiboko."

"Najua," akasema Mama Madoa. "Lakini aliyetoka mlangoni alikuwa mwanangu."

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimsogezea sahani, akainuka, akaenda kucheza kwenye harusi ya bintiye. Panya akabaki na pilau magotini mpaka mafuta yakaganda, na kila walipoimba jina la Kiboko alijikunja kidogo zaidi.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aiache hapo hapo kwenye jamvi, wenzake watafagia.

Mnataka fundisho?

*Tunataka!*

Fundisho ni hili. Nunueni waya mnene, jeki ya kung'aa, na msifungue kutazama ndani hata siku moja. Mtaishi kwa raha sana.

*Aa, bibi! Siyo hivyo!*

Siyo hivyo? Kiboko mpaka leo anasifiwa, ananenepa, analala usingizi mzito. Fundi ndiye asiyelala. Sasa niambieni nyinyi mnaojua.